Kinywa Kikavu cha Mtoto: Jinsi Dunia Ilivyojifunza Kurudisha Maji

  Kama una shughuli jikoni, endelea nayo, lakini tega sikio. Na wewe unayesoma maongezi haya kitabuni, fuatana nasi. Soma polepole, na ukimaliza msomee jirani.

Leo tunazungumzia kinywa kikavu. Sisemi ile kiu ya kawaida ya mtoto aliyetoka kucheza juani. Nasema kinywa cha mtoto anayehara au kutapika: midomo imekauka, ulimi unanata, mate ni machache na mazito, na akilia machozi hayatoki. Kinywa kama hicho kinakupa habari. Kwa miaka mingi watu waliiona habari hiyo bila kuielewa, hata madaktari wenye vyeo, na wagonjwa wengi walikufa huku wakiomba maji. Leo nitakupitisha katika historia hiyo. Mama akijua dawa ilikotoka na kwa nini inafanya kazi, hataiacha kabatini siku mtoto wake anapoihitaji.

Kwa nini kinywa hukauka?

Mate hutengenezwa na tezi zilizo mashavuni na chini ya ulimi, na maji yake hutoka kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hulainisha chakula, husafisha meno na hukinga kinywa na vidonda.

Mtoto akihara mara nyingi, maji na chumvi za mwilini humtoka kwa wingi. Hapo mwili hufanya kama mama aliyeambiwa kwamba mfereji utafungwa siku tatu: huanza kubana matumizi. Maji yaliyobaki huwekewa moyo na ubongo. Mate hupungua, machozi hukauka, na mkojo huwa kidogo na wenye rangi nzito.

Mtoto mchanga ana hatari zaidi kuliko sisi wakubwa, kwa sababu takriban robo tatu ya uzito wake ni maji, na akiba yake ni ndogo. Fikiria mtoto wa kilo 10. Akipoteza lita moja tu ya maji, amepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na maisha yake yamo hatarini. Lita moja si nyingi. Mtoto anayehara na kutapika anaweza kuipoteza katika siku moja.

Miaka ya kumnyima mgonjwa maji

Ugonjwa uliofundisha dunia somo hili ni kipindupindu. Mwaka 1817 kilitoka upande wa Bengal, huko India, kikaanza kusafiri na meli na misafara ya biashara. Mwaka 1831 kilifika Uingereza. Mgonjwa aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kufa kabla ya jua kutua, akiwa amekauka, macho yamezama na sauti imepotea.

Je, madaktari wa wakati huo walifanya nini? Waliwatoa wagonjwa damu. Waliwapa kalomeli, dawa yenye zebaki ambayo huendesha tumbo. Na wengi waliamini kwamba mgonjwa akiomba maji asipewe, kwa kuwa yatamzidishia kutapika na kuhara. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anakauka alizidi kukaushwa na yule aliyekuja kumsaidia.

Kijana mmoja kutoka Ireland, daktari William Brooke O'Shaughnessy, alikuwa na miaka 22 tu alipokwenda kaskazini mwa Uingereza kuichunguza damu ya wagonjwa hao. Aliona kwamba damu yao imekuwa nzito, na kwamba imepoteza maji na chumvi. Akapendekeza jambo lililo rahisi kulisikia: kilichopotea kirudishwe.

Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa mji wa Leith, Scotland, alilijaribu wazo hilo. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Latta alimtia maji ya chumvi kwenye mshipa, polepole, huku akimwangalia usoni. Mama yule akaanza kupata nafuu. Macho yakapata uhai, mapigo ya moyo yakarudi, akasema anajisikia vizuri. Latta, akiwa amechoka, akamwacha chini ya uangalizi wa mwenzake. Lakini kuhara na kutapika kulirudi, hakuongezwa maji mengine, na baada ya saa chache mama huyo akafariki.

Mama mpendwa, hapo pana somo la kwanza, nalo bado ni somo la leo. Kurudisha maji mara moja hakutoshi. Mtoto akiendelea kuhara, nawe endelea kumnywesha. Nafuu ya saa moja isikufanye uweke kikombe kando.

Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833, na njia yake ikaachwa na madaktari wengi kwa miaka mingi. Wakati huo ugonjwa haukusimama. Hata huku kwetu ulifika zaidi ya mara moja katika karne hiyo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu mwaka 1876 akieleza jinsi mlipuko wa mwaka 1869 na 1870 ulivyofuata njia za misafara kutoka bara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari hadi Unguja. Maarifa ya kuwaokoa watu hao yalikuwa yamekwisha kuandikwa karibu miaka 40 nyuma. Yalikuwa kwenye karatasi, hayakuwa mikononi mwa watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Leonard Rogers aliirudisha dripu ya maji ya chumvi mjini Calcutta, na vifo vikapungua sana. Hata hivyo, dripu inahitaji sindano safi, maji yaliyotengenezwa kwa uangalifu, kitanda na mtu aliyefunzwa. Watoto wengi wanaohara wako mbali na vitu hivyo vyote. Wako nyumbani, usiku, mvua inanyesha na pikipiki hazipiti.

Na kwa watoto, imani ya kale ilibaki. Hadi katikati ya karne hiyo, vitabu vya madaktari vilishauri mtoto anayehara afungishwe kwanza, asile, tumbo lipumzike. Kwa hiyo ukimsikia nyanya akisema, "Mwacheni bila chakula, tumbo litulie," usimcheke wala usimfokee. Hayo hata hospitalini yalifundishwa. Mweleze kwa heshima kwamba baadaye utafiti ulionyesha vingine: utumbo haupumziki kwa njaa, huzidi kudhoofika.

Chumvi na sukari zinaposhikana mikono

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, mgonjwa anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, bila sindano? Wengi walisema haiwezekani. Walidai kwamba utumbo unaohara umeharibika na hauwezi kupokea kitu.

Mwaka 1953 daktari Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta aliandika katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amewatibu wagonjwa 186 wa kipindupindu kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi. Wachache walimsikiliza, kwa sababu hakuwa amepima kila kitu kwa namna ambayo wanasayansi walitaka.

Mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi utumbo unavyofanya kazi. Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani. Ukuta wa utumbo una milango midogo sana. Chumvi ikija peke yake wakati wa kuhara, hupita kwa shida. Lakini chumvi na sukari zikija pamoja, kwa vipimo vinavyolingana, huingia zikiwa zimeshikana mikono. Zikishaingia, maji hufuata nyuma yao. Jambo la kumshukuru Mungu ni kwamba milango hiyo hubaki wazi hata mtoto anapohara sana.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini maji matupu hayatoshi, na kwa nini soda si dawa. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi mno, na sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini kurudi tumboni. Mtoto hunywa kwa hamu, halafu anahara zaidi.

Vipimo vina umuhimu mkubwa, na hata wataalamu walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1962 jaribio moja la kuwanywesha wagonjwa mjini Manila, Ufilipino, lilitumia mchanganyiko uliokuwa mkali mno, na baadhi ya wagonjwa wakafariki. Jaribio likasimamishwa. Kwa hiyo usiwahi kusema, "Nitamwongezea chumvi kidogo apone haraka." Chumvi ikizidi ni sumu kwa mtoto.

Mwaka 1968, huko Dhaka, vijana wawili kutoka Marekani, David Nalin na Richard Cash, walilijibu swali lile. Walichukua wagonjwa 29 wa kipindupindu, wakapima kila kilichotoka mwilini, kisha wakawapa wanywe kiasi kilekile cha maji yenye chumvi na glukosi. Hitaji la dripu likapungua kwa takriban asilimia 80. Siri ilikuwa kupima na kufidia, kikombe kwa kikombe.

Kambi ya Bangaon, 1971

Bado madaktari wengi walikuwa na mashaka. Wakasema hilo linawezekana hospitalini, chini ya macho ya wataalamu, lakini si kwa watu wa kawaida. Jibu lilitoka mahali pa huzuni.

Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwafanya mamilioni ya watu wakimbilie India. Mvua ilikuwa kubwa, kambi zilijaa, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikazuka. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, hospitali ilikuwa na vyumba viwili tu vya wagonjwa. Watu walilala sakafuni, katika matapishi na kinyesi. Daktari Dilip Mahalanabis alipelekwa huko kutoka Calcutta. Baada ya wiki chache aliona kwamba dripu zinakwisha na watu wanaendelea kuja.

Akaamua kutumia maji ya kunywa. Kule Calcutta, chumba cha maktaba kiligeuzwa mahali pa kupima na kufungasha dawa. Kila lita ya maji ilitengewa gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida, na gramu 2.5 za bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamaa ya magadi tunayotia kwenye maharagwe. (Wewe usitie magadi katika kinywaji cha mtoto, vipimo vyake si vya kubahatisha.) Pakiti zilipelekwa kambini, zikakorogwa ndani ya mapipa yenye mifereji, na watu wakaja na vikombe vyao.

Na ni nani aliyewanywesha wagonjwa? Wauguzi hawakutosha. Walionywesha ni mama, baba, dada, nyanya. Kila mgonjwa alinyweshwa na mtu wake, kikombe baada ya kikombe, mchana na usiku. Wagonjwa zaidi ya 3,000 walitibiwa. Vifo, ambavyo kabla ya hapo vilifikia hadi wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100.

Mpendwa msikilizaji, nataka uliweke hilo moyoni. Kazi iliyookoa maisha ya watu hao ilifanywa na mikono kama yako. Wengi wao hawakuwa wamesoma. Walikuwa na kikombe, dawa iliyopimwa vizuri, na subira.

Daktari Dhiman Barua wa Shirika la Afya Duniani alifika kambini akajionea. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikubaliana kuhusu mchanganyiko mmoja wa kutumika kote duniani, ndio huu tunaouita ORS. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliueleza uvumbuzi huu kuwa huenda ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Daktari Mahalanabis alifariki Oktoba 2022, na Daktari Cash Oktoba 2024. Majina yao hayajulikani kama ya wachezaji wa mpira, lakini watoto wengi duniani wako hai kwa sababu ya kazi yao.

Akina mama wa Bangladesh na sukari nguru

Dawa ikishapatikana, bado inatakiwa ifike nyumbani. Kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake waliofunzwa kutembea kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba. Walifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Kwa kuwa pakiti hazikutosha nchi nzima, waliwafundisha akina mama kutumia chumvi ya vidole vitatu na konzi moja ya "gur" katika karibu nusu lita ya maji. Gur ni ileile sukari nguru tunayoijua hapa, na hata jina ni lilelile, lililovuka bahari pamoja na biashara. Kila mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu wake, na sampuli zilipelekwa maabara kupimwa chumvi.

Walimu walilipwa kulingana na yale ambayo akina mama waliyakumbuka baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo, wakaguzi waligundua jambo la ajabu: akina mama walikumbuka, lakini wengi hawakutumia. Walipochunguza, wakakuta baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa hiyo. Wao wakihara walitumia dawa nyingine. Tena wanaume hawakuwa wameelezwa kitu, na katika nyumba nyingi wao ndio waliokuwa na neno la mwisho. Basi walimu wakafundishwa upya, wakaelezwa kwa nini dawa inafanya kazi, na wanaume wakafuatwa sokoni na misikitini. Redio nayo ikatumika.

Ndiyo maana leo sikukuambia tu "mpe ORS." Nimekueleza kwa nini. Na ndiyo maana nakuomba, jioni ya leo, umweleze baba watoto na nyanya yao haya uliyoyasikia. Siku mtoto atakapougua, msije mkaanza kubishana.

Hapa kwetu Kenya

Kipindupindu cha wimbi la sasa kiliingia Kenya mwaka 1971, mwaka uleule wa Bangaon. Tangu hapo kimerudi mara nyingi, ukiwemo mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2022. Lakini kwa watoto wetu, kuhara kwa kila siku kunakotokana na maji machafu, mikono michafu na virusi ndiko hatari iliyo karibu zaidi.

Dawa yenyewe imeendelea kuboreshwa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na glukosi katika ORS, na ikaonekana kwamba watoto hutapika kidogo zaidi na wachache huhitaji dripu. Mwaka 2004 wakashauri kila mtoto anayehara apewe pia zinki, kwa sababu hufupisha ugonjwa. Mwezi Julai 2014 Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huwaharisha sana watoto wachanga. Chanjo hiyo hutolewa kliniki bila malipo. Hakikisha mtoto wako ameipata.

Hata namna ya kumkagua mtoto imebadilika. Katika chati za zamani, mhudumu alitakiwa aangalie machozi, na pia aguse kinywa na ulimi wa mtoto. Chati za sasa zimebaki na dalili nne: hali ya mtoto kwa jumla, macho, kiu na ngozi. Sababu ni kwamba kinywa kinaweza kudanganya. Mtoto aliyeziba pua hupumulia mdomoni na kinywa hukauka hata kama maji mwilini yanatosha. Na mtoto aliyetoka kutapika au kunywa huwa na kinywa chenye majimaji hata kama amekaukiwa. Kwa hiyo mama, kinywa kikavu kikuamshe, lakini usiishie hapo. Angalia na hizi:

Je, macho yamezama? Je, utosi wa mtoto mchanga umebonyea? Je, anakunywa kwa pupa, kana kwamba kikombe kitanyang'anywa? Je, anasumbuka na kulialia, au amelegea na kulala mno? Finya taratibu ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha uiachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, hiyo ni hatari kubwa.

Kuna jambo ninaloulizwa sana na akina mama. Wengine wameambiwa kwamba utosi uliobonyea ni ugonjwa wa kupakwa dawa, au kwamba kuhara kunaletwa na vijino vinavyopaswa kung'olewa kwenye ufizi. Mama, utosi hubonyea kwa sababu maji yamepungua, na utapanda yakirudishwa. Na kung'oa vijino hakuzuii kuhara. Humwongezea mtoto maumivu, kutokwa na damu na maambukizi, huku saa za kumnywesha zikipotea.

Ufanye nini nyumbani?

Anza mapema, mara mtoto anapohara mara ya kwanza ya pili. Usingoje kinywa kikauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti ya ORS uone inahitaji maji kiasi gani. Nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Pima maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa au kutibiwa. Mimina pakiti yote, koroga, usiongeze sukari wala chumvi. Funika. Yakipita saa 24, mwaga na utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa kila baada ya kuhara. Wa miaka miwili na zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Tumia kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Aliyefikia miezi sita apewe pia uji, supu au maziwa lala, na ndugu zetu wa Pwani wana madafu. Endelea kumlisha. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14: nusu tembe ya miligramu 20 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tembe nzima kwa aliyefikia miezi sita. Usikatize kuhara kunapokoma.

Kama pakiti hakuna na uko mbali, tengeneza ya nyumbani unapofanya mpango wa kupata ORS: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Onja kwanza. Isiwe na chumvi kuliko machozi. Ikizidi, mwaga.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au hazinduki vizuri, ana degedege, ana damu kwenye choo, macho yamezama, au hajakojoa kwa saa sita. Mpeleke pia akiwa mdogo wa miezi miwili. Njiani endelea kumnywesha, mradi yu macho na anaweza kumeza.

Kinywa kikavu bila kuhara

Kabla hatujaagana, neno moja zaidi. Si kila kinywa kikavu kinatokana na kuhara. Homa hukausha kinywa, na baadhi ya dawa za mafua na mzio pia. Mnyweshe, msafishe kinywa, na umwambie mhudumu dawa anazotumia. Lakini ukiona mtoto ana kinywa kikavu, anakunywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara hata kitandani baada ya kuwa alishaacha, na anakonda, mpeleke apimwe sukari siku hiyohiyo. Huenda ni kisukari, nacho huwapata hata watoto wadogo.

Mpendwa msikilizaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhara kuliua karibu watoto milioni 5 wa chini ya miaka mitano duniani kila mwaka. Siku hizi idadi hiyo iko chini ya nusu milioni. Bado ni wengi mno, kwa sababu dawa ni ya bei nafuu na inajulikana. Weka pakiti mbili za ORS nyumbani, mahali unapoweza kuzifikia gizani. Mwonyeshe msichana wa kazi na watoto wakubwa zilipo, na uwafundishe kupima maji.